Mawe Matatu ya Pipa la Muhogo

Nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, hapa Kabambare, kuna pipa la plastiki la buluu ambalo haliguswi ovyo. Ndani yake muhogo mchungu hulala siku nne, umemenywa na kuzamishwa katika maji machachu, na juu yake hukaa mawe matatu ya kuuzuia usielee. Wanawake wengi hapa hulowesha muhogo wao mtoni. Yeye aliacha zamani kwa sababu, anasema, muhogo ukiachwa mtoni huota miguu. Akatafuta pipa, akalitafutia kivuli, akatia mawe yake.

Mimi nilizaliwa Kasongo, katika familia ya Waislamu wa mjini, watu wa duka na wa wali. Kwetu mchele ndio chakula, na muhogo ni kitu cha kutafuna wakati unasubiri mchele uive. Mume wangu nilimpata chuoni. Kwao ni Wakristo, wakulima wa hapahapa Kabambare tangu babu na babu. Wazee wa pande mbili walikaa, wakasema yao, wakamaliza, na kila mtu akabaki na sala zake. Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Sikujua kwamba katika nyumba hii ndoa haimaliziki mbele ya wazee, inamalizikia mbele ya pipa.

Mama mkwe ana desturi moja ambayo sijaiona kwa jirani yeyote. Mke wa mwanawe akishaonekana kwamba anaweza kusimamia muhogo wake mwenyewe, mama mkwe anatumbukiza mkono ndani ya pipa, anatoa jiwe moja, anampa. Basi. Hakuna hotuba, hakuna soda. Mke anakwenda na jiwe lake, na tangu siku hiyo anahesabiwa mtu mzima wa nyumba. Kisha mama mkwe huenda kutafuta jiwe jingine la kujaza pengo, na kulitafuta kunaweza kumchukua mwezi mzima. Jiwe moja tu halitoi kamwe, kwa sababu yeye mwenyewe alipewa na mama mkwe wake alipokuwa bibi harusi.

Wake wa shemeji zangu wawili wakubwa, wanaokaa huko mashambani, walikuwa na mawe yao. Mimi nilikuwa na miaka minne ya ndoa, watoto wawili, na diploma ya ualimu, lakini jiwe sina. Nisidanganye: iliniuma. Mmoja wa wake hao, ninayemwita wifi, alikuwa na kawaida ya kuja kutusalimia na kutaja pipa lake kila baada ya maneno matatu, nami ninatabasamu huku natamani kummwagia chai.

"Mama, hata miye naweza kuangalia muhogo," nilimwambia mama mkwe siku moja, nikijifanya natania.

"Weye, Madamu? Weye ni mutu wa mupunga," akajibu. Madamu ndiyo jina wanalotupa walimu wa kike, naye hulitamka akiwa anacheka nusu. "Mupunga unatia mu maji, unapika, imekwisha. Muhogo inataka mutu mwenye kungoja."

Mimi si mtu wa kungoja, na alijua.

Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Kila mwaka mvua zikishaanza tunafika kwenye somo la kuoza kwa mawe. Daftari langu lina maneno marefu zaidi ya Kifaransa, lakini mimi huwaambia wanafunzi hivyohivyo: mawe yanaoza. Mvua haishuki mikono mitupu. Inapopita hewani inachota gesi, na inapopita katika majani yaliyooza inachota zaidi, hata ikifika chini ina uchachu mdogo ambao ulimi hausikii. Uchachu huo unaligusa kila jiwe, ila mawe hayapokei sawa.

Jiwe la chokaa ndilo la kwanza kusalimu amri. Linayeyuka na kuondoka na maji, polepole, mpaka linabaki na matundu. Jiwe la matale, lile gumu la madoadoa ambalo Wafaransa wanaliita graniti, linaonekana halina wasiwasi, lakini limeshikana kwa chembe za namna tatu, na moja kati ya hizo, feldspa, hugeuka udongo. Ikishageuka, nyingine hazina wa kuzishika, na jiwe zima linakuwa mchanga mkononi. Jiwe jekundu la barabarani limejaa chuma, nalo linatoa kutu. Linabaki kwatzi, jiwe jeupe la kung'aa kama kioo kilichoingiwa na ukungu. Hilo uchachu unalipita tu. Ndiyo maana mchanga wa mito yetu umejaa kwatzi: wenzake wote wamekwisha kwenda.

Kwa miaka miwili ya kwanza nilifundisha somo hili kwa mdomo mtupu, mpaka kaka yangu mfanyabiashara, aliyekuwa akipita upande wa ziwa Tanganyika, akaniletea mawe ya chokaa nyuma ya pikipiki. Alileta mengi kuliko nilivyomwomba, kama kawaida ya kaka zangu. Moja nililipeleka darasani. Ninalikamulia ndimu, nao wanafunzi wanasogea, wanaona jiwe linatoa povu na kuchemka bila moto, wanapiga kelele mpaka mkuu wa shule anachungulia. Matatu makubwa, kila moja kama kichwa cha mtoto, niliyapanga kando ya mlango wa nyumba yetu, iliyo katika ua mmoja na ya mama mkwe, kama pambo. Yalikuwa meupe, mazuri, nami nikayapenda.

Basi mdogo wa mume wangu akapata mchumba, na wazazi wa binti wakatuma habari kwamba watakuja kuiona nyumba ambayo mtoto wao ataingia. Mambo yakaanza. Mume wangu aliita fundi atengeneze ngazi ya mlangoni kwa mama mkwe, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imebomoka na mvua, na wageni hawawezi kuruka kama mbuzi. Mama mkwe akamenya muhogo wa unga wa siku hiyo. Wageni hapa hula unga wa nyumba yenyewe. Unga wa sokoni yeye huuita vumbi, na hakuna aliyefikiria kuwapa wakwe vumbi.

Siku hiyohiyo ikaja habari kwamba dada wa mama mkwe amefariki, katika kijiji kimoja kwenye njia ya Kasongo. Alilia, akafunga kitambaa, akaita pikipiki. Kabla ya kupanda alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko.

"Madamu, nakuachia pipa."

Sikuamini masikio yangu.

"Tia muhogo mu maji ya zamani, ile niliacha chini. Ongeza maji mupya. Weka mawe juu, funika, usifungue-fungue. Siku ya ine nitakuwa hapa. Tutaanika, tutatwanga, wageni watafika muda wa unga kuwa tayari. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usifungue-fungue," akarudia, na pikipiki ikaondoka.

Nilisimama pale nikiwa na furaha ya kijinga. Msiba wa watu, na mimi moyoni naimba. Nikasema nitafanya vizuri kuliko alivyoagiza, nifanye mpaka akirudi asiwe na la kusema. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilipoyashika mawe yake niliona yana utelezi, meusi kwa uchafu wa miaka, yananuka uchachu hata baada ya kusuguliwa kwa majivu. Mimi mtoto wa mjini nikajisikia vibaya. Chakula cha wakwe kikae chini ya vitu kama hivi? Nikageuka, nikaona mawe yangu meupe kando ya mlango. Nikayaosha kwa sabuni, nikayasuuza mara tatu, nikayapanga juu ya muhogo. Yalipendeza sana.

Fundi naye alikuwa akilalamika kwamba hana mawe ya kutosha ya kujaza ngazi. Ameokota mekundu, ameokota ya matale kwenye kilima, bado hayafiki. Nikampa yale matatu ya pipa. Nakumbuka nilivyomwambia: chukua, haya hayana kazi. Akayapanga katikati, akamwagia saruji nyembamba, akalainisha kwa mwiko, na jioni ngazi ilikuwa imekwisha.

Watu huniuliza, mimi mwalimu wa somo hilohilo, sikuona? Sikuona. Kichwani mwangu uchachu ulikuwa kitu cha darasani, chenye ndimu na ubao na chaki. Pipa lilikuwa jikoni. Sikuwahi kuwaza kwamba vitu hivyo viwili vinajuana.

Siku ya pili nilifungua kidogo, ingawa niliambiwa nisifungue. Nikaona mapovu madogo yanapanda mfululizo kandokando ya mawe meupe. Nikasema, pipa limenikubali. Siku ya tatu harufu ilibadilika. Ule uchachu safi ninaoujua, wa kukata pua, haukuwapo. Kulikuwa na harufu nyingine, nzito, ya maji yaliyosahauliwa. Nikafunika, nikajiambia kwamba ndivyo muhogo unavyoiva.

Siku ya nne mama mkwe alirudi, uso umevimba kwa kulia, kitambaa cha msiba bado kichwani. Hakutaka maji wala chakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akafunua, akainama kunusa. Akatumbukiza mkono akatoa muhogo. Ulioiva hupasuka kwa kubonyezwa na vidole viwili. Huu nje ulikuwa na utelezi, ndani mgumu kama ulivyotoka shambani. Akaurudisha. Akatumbukiza mkono tena, akatoa jiwe langu jeupe. Kingo zake zilikuwa zimelika, na lilimwachia weupe mkononi kama chaki.

"Madamu, hii nini?"

"Jiwe, Mama."

"Naona iko jiwe. Siko kipofu. Yangu iko wapi?"

"Niliyatoa. Yalikuwa na utelezi. Nilitaka iwe safi, Mama."

"Safi," akasema. Hakupandisha sauti. "Ulitupa wapi?"

"Sikutupa. Nilimupa fundi. Iko mu ngazi."

Alizunguka nyumba mpaka mbele, nami nyuma yake kama mtu anayepelekwa polisi. Alisimama akaiangalia ngazi. Saruji ilikuwa mpya, laini, imeshakauka.

"Yote tatu?"

"Yote tatu, Mama."

"Na ile ya mama mukwe wangu?"

Nilimwonyesha ngazi ileile kwa kidole. Alikaa juu ya kigoda, jiwe langu jeupe bado mkononi, akalizungusha. Mtu amemzika dada yake juzi, na mimi nimemzikia jiwe lake nyumbani. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepona haraka.

"Hii jiwe inakula uchachu," akasema mwishowe, bila hasira, kama mtu anayemweleza jirani. "Inakula yote, muhogo inabakia bila kitu. Juu ya nini ulifikiri sitii jiwe yoyote tu?"

Na hapo ndipo nilipoona ndimu. Niliona darasa zima limesogea, povu juu ya jiwe, na mimi na chaki yangu nikieleza kwa sauti ya madaha. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kisha nikalia, kisha sikujua ni kipi kati ya hivyo ninachofanya. Mama mkwe aliniangalia kama mtu anayeangalia mwanamke aliyeshikwa na malaria.

Muhogo ule tuliufukia. Alisema hata mbuzi hatawapa, na mchungu usioiva una sumu, si wa kuchezea. Muda wa kulowesha mwingine, kuanika na kutwanga haukuwapo tena. Mume wangu alitaka kuvunja ngazi ayatoe mawe, mama yake akakataa. Wageni watakanyaga wapi? Na saruji imeshamwagwa, acha, akasema.

Siku ya wageni nilipika wali. Nilipika kama mama yangu anavyopika Kasongo, mchele wa kwetu, na kuku, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ndani ya mawese. Chakula kilipokuwa mezani niliona baba wa binti anatafuta kwa macho. Mke wake akamgusa. Lakini wifi yangu, yuleyule wa pipa, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba bukari, ugali wa unga wa muhogo, iko wapi.

"Leo tunakula chakula ya mukamwana wangu," mama mkwe akajibu kabla sijafungua mdomo. "Kwao Kasongo mugeni wa heshima anapewa mupunga. Nilimuomba apike. Bukari mutakula siku ya ndoa."

Hakuniomba. Nilijifanya nakwenda kuongeza chumvi, nikasimama jikoni nimeshika mwiko, mpaka macho yakakauka. Wageni walikula sana. Baba wa binti aliomba mara ya pili.

Wiki iliyofuata mama mkwe alinipeleka mtoni. Nilidhani tunakwenda kuokota mawe, dakika kumi, tunarudi. Tulikaa kutwa. Alijifunga kitenge mpaka magotini, akaingia majini na kisu cha kumenyea muhogo, akaniambia nichague.

Nilianza na jiwe jekundu, zito, zuri. Alitikisa kichwa. "Hiyo inatoa kutu. Bukari inakuwa nyeusi, wageni watafikiri unawaroga." Nikamletea la matale, la madoadoa. Aliligonga kwa mpini wa kisu, akasikiliza. Alilichovya majini, akalitoa, akalitazama: maji yalikuwa yameingia ndani, uso wake umeshakauka. "Hii inakunywa. Jiwe yenye kunywa imeoza ndani, hata kama nje iko nguvu. Mwaka moja, mbili, utatafuna muchanga." Nikamletea jingine lililobanduka magamba mkononi mwangu kabla halijamfikia, naye akacheka waziwazi. Kila alilolikataa nilikuwa nalijua. Nililijua kwa jina, kwa Kifaransa, pamoja na mchoro. Nilikuwa nimesimama majini nafundishwa somo langu mwenyewe na mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi, na kusema kweli hasira ilinipanda kidogo, kisha ikashuka.

Kulikuwa na jiwe jeupe katikati ya maji, nami nikalipita makusudi. Weupe ulikuwa umenitosha.

"Ile juu ya nini unaacha?"

"Iko nyeupe, Mama. Naogopa."

"Nyeupe haina kosa. Uliza kisu."

Alilitoa, akalikwaruza kwa ncha. Kisha akatoa kwenye mfuko wa kitenge kipande cha jiwe langu la chokaa, alikuwa amekuja nacho makusudi, akakikwaruza hicho pia. Katika chokaa kisu kilichimba mfereji na kutoa unga. Katika hili la mtoni kisu hakikuacha jeraha. Kiliacha mstari wa kijivu, chuma chake chenyewe kilicholika. Niliufuta kwa kidole ukatoka. Lilikuwa kwatzi tupu.

Nilitafuta mengine peke yangu, na kisu mkononi, mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipata moja tu aliloona linafaa, la mviringo, lenye mshipa wa kijivu upande mmoja. Mawili aliyachagua yeye. Tulipofika nyumbani aliyatia yote matatu ndani ya pipa lake, la kwangu likiwamo, akafunika. Nilisubiri kidogo. Akaniambia niende nikabadilishe nguo, nitashikwa na homa.

Ndoa ya shemeji ilichelewa, kama ndoa zetu zinavyochelewa. Misimu ya mvua ikapita. Mimi nikawa ninalisimamia pipa pamoja naye bila mtu kusema lolote: nilijua kunusa, nilijua kubonyeza, nilijua kungoja. Jiwe hakunipa. Nikajifunza kutolitaja, lakini kutolitaja si kusahau.

Kisha bibi harusi akaja. Binti mpole, mtoto wa wakulima, ameloweka muhogo tangu alipojua kutembea. Hakumaliza hata mwaka. Ilikuwa asubuhi, mwanzo wa mwaka huu, mvua imetoka kunyesha, tuko watatu nyuma ya jiko. Mama mkwe akafunua pipa, akatumbukiza mkono, akapapasa, akatoa jiwe la mviringo lenye mshipa wa kijivu.

"Shika," akamwambia. "Hii ilichaguliwa na mukubwa wako. Miaka yote iko mu uchachu, haijalika hata kidogo."

Yule binti alilipokea kwa mikono miwili, akanitazama mimi kwa heshima, akashukuru. Nilimpongeza. Nilisema yote yanayosemwa. Kisha nikaondoka, nikaenda mbele ya nyumba, kwa sababu mimi sitaki kulia mbele ya bibi harusi ambaye hajamaliza hata mwaka. Jiwe langu mwenyewe, nimelitafuta kwa miguu yangu, limekwenda kwa mwingine. Nilijiona mgeni kuliko siku niliyofika na sanduku langu kutoka Kasongo.

Nilimsikia mama mkwe anakuja nyuma yangu, polepole. Magoti yake si ya zamani.

"Juu ya nini umekimbia?"

Ikanitoka yote. "Mama, ni miaka mingapi niko mu hii nyumba? Kila mutu amepata jiwe. Na miye? Yangu iko wapi?"

Alinitazama akiwa ameshangaa kweli, hakuwa anajifanya.

"Yako? Weye si ulichukua mwenyewe? Yote tatu. Ukanitilia mu mulango. Kila siku nakanyaga juu ya mawe yako nikiingia kulala, na unaniuliza iko wapi? Wenzako nimewapa moja-moja. Weye ulitaka ngapi?"

Nilitazama chini. Miaka yote ile nimeipanda ngazi na kuishuka bila kuiangalia. Nyumba haina mfereji wa paa, na maji yote ya mvua huangukia pale. Saruji nyembamba ya fundi, ambayo nayo ni mtoto wa jiwe la chokaa, ilikuwa imelika na kuondoka. Mawe mekundu yalikuwa yametokwa na kutu, yameacha madoa kama chai iliyomwagika. La matale nililigusa kwa kidole cha mguu likamwagika mchanga. Na katikati, yameoshwa kila uchafu wa pipa, meupe, yanang'aa kwa maji ya asubuhi, yalikuwa yamekaa mawe matatu jinsi fundi alivyoyapanga, hayajapungua kitu.

Nilikaa chini pale pale, kwenye unyevu. Sasa nililia, na sikujali nani anaona.

"Na ile ya mama mukwe wako, Mama?" nikamwuliza nilipoweza. "Hiyo si ya kupewa mutu."

"Njo hiyo siitoi, kweli," akasema. "Sikuitoa. Imejitoa."

Alinishika bega ili asianguke, akavua kandambili moja, na kwa kidole cha mguu akaligusa jiwe la katikati. Hakuhitaji kuinama kulitafuta. Bila shaka alikuwa analijua tangu lilipoanza kuchungulia.

"Mbili acha, nipate kupandia," akasema. "Kaanze pipa yako na hii."

Nikaenda kutafuta jembe.